Kabla ya kununua pikipiki ya umeme, uliza betri ni ya nani

Ukipita leo katika steji za bodaboda hapa Nairobi, tega sikio. Utasikia pikipiki za petroli zikinguruma na kutoa moshi kama tulivyozoea, na kati yazo utaona moja au mbili zikiondoka kimya, mithili ya baiskeli. Hizo ni za umeme. Miaka michache iliyopita zilikuwa vitu vya kutazamwa katika maonyesho, na watu walipiga picha kando yazo kisha wakarudi nyumbani kwa matatu. Sasa zinabeba abiria, mikate, kreti za soda na watoto wa shule.

Barua tatu nilizopokea majuma haya zinahusu jambo hilo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anauliza jinsi pikipiki inavyoweza kupanda mlima bila injini. Baba mmoja wa Umoja anataka kujua kama stima itatutosha iwapo kila mtu ataanza kuchaji gari na pikipiki. Na mama mmoja wa Kayole anasema kijana wake alimaliza shule, ametafuta kazi mpaka viatu vimeisha soli, na sasa anamsihi achukue mkopo katika chama chake ili amnunulie pikipiki ya umeme. "Je, hiki ni kitu cha kudumu au ni mtindo wa kupita?" anauliza.

Nitamwambia mapema ili asikae roho juu. Umeme barabarani si mtindo wa kupita. Lakini mama, swali la kumuuliza kijana wako si hilo. Muulize betri itakuwa ya nani.

Niruhusu nianze na mwanafunzi, kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa mengine yote.

Injini ya petroli hufanya kazi kwa kuchoma mafuta. Katika kila lita unayotia, takriban robo tu ndiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka joto na kupotea hewani. Akina mama wengi hawahitaji kuelezwa zaidi, maana wana alama ya kuungua kwenye ndama wa mguu wa kulia, waliyoipata siku waliyoshuka bodaboda vibaya wakagusa ekzosi. Joto lililokuchoma ni petroli ambayo mwenye pikipiki aliilipia bila kusafiri nayo.

Mota ya umeme haichomi kitu. Ndani yake mna nyaya zilizosokotwa na sumaku. Umeme ukipita katika nyaya hizo hugeuka kuwa sumaku nazo, na zile sumaku mbili zinasukumana na kuvutana hadi kitu kizunguke. Ni mambo yale yale yanayozungusha feni na blenda nyumbani kwenu. Mota nzuri hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya umeme inaopewa kuwa mwendo. Tena nguvu yake huipata papo hapo inapoanza kuzunguka, haingojei injini ipashe moto wala dereva abadilishe gia, na ndiyo sababu inapanda mlima bila kulalamika. Katika baadhi ya pikipiki na karibu magari yote ya umeme, dereva akishika breki mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

Wala usidhani huu ni ugunduzi wa jana. Gari la kwanza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme, likiendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy karibu na Paris mwaka wa 1899. Wakati huo jijini London palikuwa na teksi za betri. Umeme ulishindwa baadaye kwa sababu betri za risasi zilikuwa nzito kama mawe na hazikufika mbali, ilhali petroli ilizidi kuwa rahisi. Mwaka wa 1912 magari ya petroli yakaanza kuuzwa na stata ya umeme, dereva asihitaji tena kuzungusha chuma kwa mkono, na mchezo ukaisha.

Uliofufuliwa tena na simu na kamera. Mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hutunza umeme mwingi, na wanasayansi watatu waliozitengenezea njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019. Kilichoanza ndani ya kamera kikaingia katika simu, kisha kompyuta, kisha gari, na sasa kiko chini ya kiti cha bodaboda ya Kawangware.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Betri moja ya pikipiki kwa kawaida hubeba kama yuniti tatu za stima, zile zile unazonunua kwa tokeni. Ukipiga pasi kwa saa tatu mfululizo utakuwa umemaliza kiasi hicho. Kwa yuniti hizo tatu pikipiki inaweza kwenda kilomita 70 au 80, ikitegemea mzigo, milima na mkono wa dereva. Kwa kilomita 100, basi, tuseme yuniti nne. Pikipiki ya petroli itakunywa lita mbili hadi mbili na nusu kwa safari hiyo. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja ya petroli hapa Nairobi ilifika Sh217.36. Hata tukiihesabu kwa Sh180 tu, hizo ni Sh360 hadi Sh450, ilhali yuniti nne za nyumbani, tukikadiria Sh30 kila moja pamoja na kodi na ada zote, ni Sh120.

Mhudumu wa bodaboda anaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa juma. Ongeza kwamba mota haina oili ya kubadilisha, haina plagi, kabureta wala klachi. Si ajabu vijana wanatokwa na macho.

Lakini ngoja, usikimbilie chama. Hesabu hiyo ni ya mtu anayechaji betri yake mwenyewe kwenye soketi yake mwenyewe. Vijana wengi hawatachaji hivyo, kama nitakavyoeleza baada ya kumjibu baba wa Umoja.

Baba huyo anahofu kwamba pikipiki zitatuachia giza. Hofu yake ina msingi, kwa maana sote tunajua jinsi stima inavyopotea jioni wakati ugali uko motoni. Hata hivyo, shida yetu kubwa ni saa za jioni, watu wote wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Usiku wa manane mambo ni tofauti kabisa. Matumizi hushuka sana, na huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka wa 1981, mvuke hautambui kwamba Wakenya wamelala. Unaendelea kutoka. Kuna nyakati za usiku ambapo mvuke huachiliwa hewani kwa kukosa wa kutumia umeme wake. Upepo wa Ziwa Turkana nao, kule kwenye mitambo 365 iliyounganishwa na gridi mwaka wa 2018, hauna saa ya kulala.

Magari na pikipiki zikichajiwa usiku, basi, zitatumia kile kinachopotea bure. Ndiyo maana viwango vya bei vilivyoidhinishwa na EPRA mwaka wa 2023 vilileta bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: Sh16 kwa yuniti katika saa za matumizi makubwa na Sh8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Nusu bei kwa anayengoja watu walale! Na kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hapa kwetu pikipiki ya umeme haihamishi moshi kutoka barabarani hadi kwenye bomba la kiwanda, jambo ambalo hutokea katika nchi zinazochoma makaa ya mawe. Tatizo litakuwa nyaya na transfoma za mitaani, ambazo zimezidiwa hata kabla ya pikipiki kuja. Hilo ni la Kenya Power kurekebisha na halihitaji mgeni kutoka ng'ambo kuja kulieleza.

Turudi kwa mama wa Kayole.

Betri hujaa baada ya saa kadhaa. Kijana wa bodaboda hawezi kukaa kando ya soketi kwa saa nne ilhali wateja wanapita. Kampuni zikabuni njia nyingine: betri ikiisha anaingia kwenye kituo, anatoa iliyokwisha, anatiwa iliyojaa, analipa kwa simu na kuondoka. Ni dakika chache tu. Ampersand, ambayo ilianza Rwanda na kuja Nairobi mwaka wa 2022, hufanya hivyo, na Spiro vilevile. Roam, iliyoanzia hapa Nairobi mwaka wa 2017 kwa jina la Opibus, ilitoa pikipiki ambayo mtu angeweza kuinunua pamoja na betri yake, akaitoa, akaibeba na kuichaji nyumbani.

Katika njia ya kubadilisha, kijana hununua pikipiki bila betri. Betri ni ya kampuni, yeye anaikodi. Nami sitaki kusema kwamba hiyo ni hila, kwa maana ina faida kubwa. Betri ndiyo kitu ghali zaidi katika pikipiki hiyo, na bila betri bei inashuka hadi mtu wa kawaida aifikie. Tena betri huzeeka. Ikifika kama asilimia 80 ya uwezo wake wa kwanza, wengi huihesabu kuwa imechoka kwa kazi ya barabarani, ingawa bado inaweza kutunza umeme wa sola. Kama ni ya kampuni, uzee huo ni mzigo wa kampuni.

Upande wa pili ni huu. Bei unayolipa kituoni si bei ya yuniti. Ndani yake mna kodi ya betri, mshahara wa mtumishi, pango la kituo na faida ya mwenye kampuni. Petroli tangu Desemba 2010 imekuwa na bei ya juu kabisa iliyowekwa na serikali, nayo hutangazwa kila mwezi tarehe 14, tukapiga kelele, tukatukana, lakini tunaijua na kila kituo kinafungwa nayo. Bei ya kubadilisha betri hupangwa na kampuni yenyewe. Na ukichoshwa na bei ya petroli ya kituo hiki unavuka barabara kwenda kile. Betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile.

Nyinyi mliokuwa na jiko la gesi miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili mnanielewa vizuri. Kila kampuni ilikuwa na mtungi wake na mdomo wake. Ukinunua mtungi wa kampuni moja umeoana nayo, regyuleta haiingii kwingine, na gesi ikiisha Jumapili mchana wageni wakiwa sebuleni, duka la karibu likiwa na mitungi ya kampuni nyingine tu, mlikula mkate. Kanuni za mwaka wa 2009 zililazimisha valvu ya aina moja na kuzitaka kampuni zibadilishane mitungi. Ghafla mtungi wowote ukawa unakubalika katika duka lolote, na gesi ikafika hata kwenye vibanda vya mtaani. Baadaye, katika kanuni za 2019, lazima hiyo ya kubadilishana iliondolewa na jambo likaachwa kwa makubaliano ya kampuni zenyewe, kwa sababu mitungi ilikuwa ikijazwa kiholela na walaghai na watu wakaungua. Kwa hivyo sisemi ni jambo jepesi. Lakini ile valvu moja ilibaki, na hakuna anayetamani kurudi kule tulikotoka.

Betri za pikipiki leo ziko pale mitungi ya gesi ilipokuwa kabla ya 2009.

Huko nje wametangulia kuonja pande zote mbili. Nchini Israeli kampuni iitwayo Better Place, iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka wa 2007, ilijenga vituo vya kubadilisha betri za magari kwa mitambo, gari linaingia kama linaenda kuoshwa na kutoka na betri mpya. Ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola. Ulimwengu ukashangilia. Waliponunua magari hayo wenyeji walinunua gari tu, betri ikawa ya kampuni. Magari yaliyouzwa yakawa machache mno kulipia vituo hivyo, na mwezi wa Mei 2013 kampuni ikafilisika. Gari lilikuwa zima, mota nzima, magurudumu mazima, lakini aliyemiliki betri na vituo hayupo tena. Jiweke wewe katika viatu vya mwenye gari hilo, kisha uwe umelinunua kwa mkopo wa chama.

Taiwan nako, Gogoro ilianza kuuza pikipiki zake mwaka wa 2015, na baada ya muda ikakubali watengenezaji wengine, Yamaha miongoni mwao, watengeneze pikipiki zinazotumia betri zile zile na vituo vile vile. Mtu anachagua pikipiki anayoipenda bila kuogopa kukosa betri. Bado betri si yake, lakini angalau hajafungwa kwa pikipiki ya chapa moja.

Sasa mama, kabla hujatia sahihi, kaa na kijana wako mezani pamoja na mkataba, si na karatasi ya matangazo yenye picha. Mwambie akuonyeshe mahali palipoandikwa nani mwenye betri na nani mwenye pikipiki mpaka deni liishe. Aende mwenyewe kwa miguu ahesabu vituo vya kampuni hiyo kati ya Kayole na mahali anapofanyia kazi, tena aende saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni, aone foleni na kama betri zilizojaa zipo. Pikipiki ya bei nafuu yenye kituo kimoja kilicho mbali ni sawa na ng'ombe wa maziwa asiye na malisho. Awaulize wale wanaoitumia tayari wanalipa kiasi gani kwa siku nzima, si kwa betri moja, na wanabadilisha mara ngapi. Apige hesabu hiyo kando ya petroli, kisha aweke malipo ya mkopo ya kila siku juu yake. Kikibaki kitu cha kula, vema.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sauti. Pikipiki nyingi za mkopo, za umeme na hata za petroli, zina kifaa kinachoonyesha ziliko na kinachoweza kuzizima kutoka ofisini. Mwizi akiiba, kifaa hicho ni mwokozi. Lakini kijana akiugua malaria juma moja akakosa kulipa, anaweza kuamka na kukuta pikipiki imegoma. Mkataba unapaswa kusema ni baada ya siku ngapi, na kama atajulishwa kwanza. Vilevile useme habari za safari zake zinaonwa na nani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na kijana wa bodaboda ni mwananchi kama mwingine yeyote.

Je, akipata ile ya kuchajia nyumbani? Hapo hesabu ya Sh120 inaanza kuwa ya kweli, nami ningependelea hiyo kwa mtu mwenye uwezo wa kuilipa. Lakini nyumba zetu tunazijua. Katika ploti za Pipeline, ngazi moja hutumiwa na familia hamsini, na waya zilizounganishwa kwa utepe zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Jijini New York, mwaka wa 2023 pekee, watu 18 walikufa katika moto uliosababishwa na betri za lithiamu za baiskeli na vyombo vingine vidogo vya umeme. Nyingi za betri nzuri za pikipiki zinazokuja siku hizi ni za aina ya lithiamu yenye madini ya chuma na fosfeti, ambayo ni tulivu zaidi, ila utulivu huo hausaidii ikiwa chaja ni ya kubahatisha au betri imefunguliwa na fundi wa kona. Isichajiwe mlangoni wala chini ya ngazi, maana moto ukitokea hapo umefunga njia ya kutorokea. Isichajiwe kando ya kitanda watu wakiwa wamelala. Iliyoanguka, iliyovimba au iliyolowa majini irudishwe kwa mwenye kuiuza. Na tafadhali, zungumzeni na mwenye nyumba kabla, kuhusu soketi ya sawasawa na yuniti za nani.

Wazazi wenye watoto wadogo pia muwafunze upya kuvuka barabara. Tumewafunza kutazama na kusikiliza, na hiki hakisikiki. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2019, magari ya umeme ya aina mpya yalitakiwa kutoa sauti yanapokwenda polepole, chini ya kilomita 20 kwa saa, kwa ajili ya watoto na wasioona. Hapa kwetu kijana wa pikipiki ana honi, naye aitumie kwa adabu.

Kuhusu mabasi nitasema machache, kwa kuwa hayatoki mfukoni mwa mama wa Kayole. Mwezi wa Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilileta Nairobi mabasi mawili ya umeme yenye viti 25, yakaanza kujaribiwa na Citi Hoppa na East Shuttle. Mpango wake wa mwanzo ulikuwa mwenye basi alipe Sh5 milioni kwanza, kisha Sh20 kwa kila kilomita, na kwa hizo Sh20 anapata betri, umeme na matengenezo. Ni swali lile lile la mwenye betri, ila hapa anayeuliza ni tajiri wa matatu mwenye wakili, na basi hurudi gereji kila usiku kuchajiwa wakati stima ni rahisi. Kwa maoni yangu basi ndilo litakalofaulu mapema zaidi, kama madereva na utingo watashirikishwa. Hamjasahau ile kadi ya nauli ya BebaPay iliyoletwa na Google pamoja na Equity mwaka wa 2013. Mashine zilifanya kazi vizuri. Waliokataa ni wale waliokuwa wakiishi kwa fedha taslimu za kila siku, ambao hakuna aliyewauliza, na mwaka wa 2015 ikazimwa.

Mwanafunzi wetu wa kidato cha nne ameandika mwishoni mwa barua yake kwamba anapenda umakanika na anaogopa kazi hiyo itakufa. Itabadilika, kijana wangu. Mafundi wa Kirinyaga Road wanaojua kusikiliza injini kwa sikio watakuwa na kazi kwa miaka mingi, kwa sababu magari ya petroli tuliyo nayo hayatatoweka kesho. Lakini anayeanza leo ajifunze pia kupima betri seli kwa seli, kusoma saketi na kuelewa programu inayoendesha mota, tena ajifunze chuoni chini ya mwalimu, maana umeme wa basi ni volti mamia kadhaa na hauwapi watu nafasi ya pili. Fizikia uliyonayo darasani sasa, ile sura ya sumaku na mkondo wa umeme ambayo wengi huiruka, ndiyo hiyo.

Wasomaji walioniuliza kuhusu magari yasiyo na dereva wanivumilie hadi Jumapili ijayo. Na wewe mama, kijana akishahesabu vile vituo, niandikie uniambie amepata vingapi.